Chumba na Sebule, Mirongo

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikibeba mwavuli naogopa kuusahau mahali, nisipoubeba naogopa mvua, na mke wangu husema hata usingizini nakunja uso kama mtu aliyeitwa ofisi ya kata bila kuelezwa sababu. Kwa hiyo msomaji asinicheke sana nikimwambia kwamba katika ujana wangu kitu kilichoninyima raha kuliko vyote hakikuwa maradhi wala kupunguzwa kazini, ingawa miaka ile watu walipunguzwa kila mahali. Nilichoogopa ni kupoteza vyumba viwili vya kupanga huko Mirongo, mjini Mwanza.

Watu waliviita chumba na sebule. Usifikirie makubwa. Sebule ilitosha viti vinne vya mbao na meza ndogo, na mgeni wa tano angesimama. Chumba kilitosha kitanda cha futi nne na sanduku la bati. Dari haikuwepo, hivyo jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kwako. Choo na bafu vilikuwa uani, vya nyumba nzima: wapangaji wa milango minne, pamoja na mwenye nyumba mwenyewe. Hata hivyo tofauti kati ya mwenye chumba na mwenye chumba na sebule ilikuwa kubwa kuliko ule ukuta wa katikati. Mwenye chumba alikuwa kijana bado. Mwenye chumba na sebule alikuwa mtu anayeweza kupokea wageni bila kuwakalisha kitandani.

Nami nilihitaji sana kuwa mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimempata binti wa Ukerewe, fundi cherehani kwenye baraza la duka moja kule Kirumba. Tulijuana kwenye kwaya, yeye sauti ya kwanza, mimi nikiwa nyuma kabisa ambako walimu wa kwaya huwaficha watu kama mimi. Kabla hata barua ya posa haijaandikwa, mjomba wake wa Nansio, huko huko Ukerewe, alishatuma neno: binti yao hataolewa kwenda kukaa chumba ambacho wakwe wakija watakalia ndoo. Chumba na sebule, la sivyo nisijisumbue kupanda meli. Binti mwenyewe alicheka aliponipa ujumbe huo. Mimi sikucheka, niliuliza kama mjomba atataka pia kuona risiti.

Nilikuwa karani wa tiketi gatini, dirisha la meli za Ukerewe. Mshahara ulikuwa wa kuvumiliana nao, na ulipochelewa hapakuwa na wa kumlalamikia. Nilichojivunia ni kile chumba na sebule, na nilikipata kwa bahati tu. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo, Mkerewe, mfanyabiashara wa dagaa sokoni, mnene, mwenye mwanya na sauti ya kuvuka barabara. Siku niliyokwenda kuulizia, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza kama nakunywa, kama napiga redio kwa nguvu, na kama najua kusoma mwandiko mbaya. Nilijibu hapana, hapana, ndiyo. Akanipa ufunguo. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, lakini macho yalimchoka mapema, na barua zake zilikuwa zikirundikana.

Hivyo nikawa msomaji wake. Mabaharia waliniachia dirishani barua zilizotoka visiwani, nami nilimsomea jioni uani huku akichambua dagaa kwenye ungo. Aliniita mwanangu. Nilimwita mama, shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, na katikati alinitania bila huruma. Nikichelewa bafuni alipiga bati kwa kiganja.

"Wewe mwanangu! Humo unaoga au unabatizwa?"

"Namaliza, mama."

"Maliza, wenzio tunanuka huku!"

Wapangaji wote walicheka, nami nilitoka nimejifunga taulo, nimeona haya na nimefurahi. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, Majita, na mji ule haukuwa na mtu mwingine aliyejua kama nimekula au la. Kila mwanzo wa mwezi nilimpa kodi mkononi, akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuitazama.

Ndipo vikaja viwanda vya minofu ya sangara. Mji ulijaa watu wenye mabuti meupe ya mpira, wenye mshahara wa kila wiki mbili, na wote walitaka mahali pa kulala. Wenye nyumba waliamka. Kodi ya mwezi mmoja mmoja ikawa habari ya zamani. Kwanza ilikuwa miezi mitatu, halafu sita, halafu wakaanza kudai mwaka mzima mkononi kabla hujaingiza hata ufagio. Madalali walizaliwa kila kona. Mmoja, mwenye viatu vyeupe na daftari kwapani, alianza kupita nyumbani kwetu kila Jumamosi, akisimama uani na kutazama mlango wangu kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Mama, hiki chumba na sebule hiki," alisema, "watu wa kiwandani wanalipa mara tatu. Mwaka mzima. Leo leo."

"Anayekaa humo ni mwanangu," mama akajibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Sasa wewe unataka nimnadi mwanangu?"

Nilikuwa nyuma ya pazia nasikiliza. Alisema hivyo Jumamosi tatu mfululizo, na mara zote tatu nilishukuru Mungu. Jumamosi ya nne, hata hivyo, sikutaka hata kusikia neno mwanangu, kwa sababu katikati ya wiki ile baba yangu mdogo alikuwa amerudi kutoka Nansio.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mshenga wangu, dereva mstaafu aliyekuwa akiishi Buzuruga. Alipeleka barua ya posa kisiwani, akalala huko siku mbili, na meli iliporudi alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu la tiketi, akawapita abiria wote kwenye foleni.

"Wamekubali!" alisema. "Mahari si ya kutisha. Liko jambo moja dogo tu."

Mimi jambo dogo hulisikia kwa masikio yote mawili. Nikamwambia aliseme.

"Binti ana mama yake mdogo hapa Mwanza. Mama wa binti na huyo mdogo wake walikosana kwa ajili ya shamba la baba yao, miaka sita hawasemeshani. Sasa mama mtu anataka posa hii iwapatanishe. Huyo mdogo mtu ndiye atakayekuwa mama wa binti hapa mjini. Tumpelekee kanga na habari, basi. Anakaa hapo kwenu Mirongo, ana nyumba yake. Mjane. Anauza dagaa."

Niliacha kukata tiketi. Nilimuuliza kama walimwambia kwamba huyo mama ana mwanya.

"Walisema, ndiyo. Umemjuaje?"

Nitaeleza kwa asiyejua. Kwetu sisi Wajita, na kwa Wakerewe ni hivyo hivyo, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono. Huli mkiangaliana. Mkikutana njiani unampisha, unainamisha uso, naye anajitanda kanga na kupita upande wake. Na mama mdogo wa mchumba ni mama mkwe kamili, haina nusu. Sasa mimi mkwe wangu nilikuwa nachangia naye bafu moja. Nguo zangu za ndani zilikauka kwenye kamba moja na kanga zake. Alikuwa ameniona na taulo siku nyingi kiasi ambacho ningetaja hapa ningeona haya upya. Mchumba wangu hakuwa na kosa. Msichana aliyelelewa kwa fimbo hatembelei nyumba ya mwanamume kabla ya posa, na nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimepanga kwa mama mmoja muuza dagaa. Mwanza ile, akina mama wauza dagaa ungejaza nao uwanja wa mpira.

Baba mdogo alipoelewa, alikaa kwenye gunia la mtu akashika kichwa.

"Utahama," alisema. "Wiki hii hii. Halafu ndiyo tumpelekee habari."

"Kwenda wapi, baba? Kodi ni ya mwaka."

"Sijui. Mkwe haishi uani kwa mama mkwe."

Nikamwomba wiki mbili. Alikubali kwa shingo upande, akaniambia nikizidisha hapo nitakuwa namvunjia mama wa watu heshima kwa makusudi, na dhambi itakuwa yangu peke yangu.

Hapo nilikwama, na nataka ieleweke nilivyokwama. Nikimwambia mama ukweli, kesho yake siwezi kukaa kwake. Nikitoka kwake, kodi ya mwaka mahali pengine inameza fedha yote niliyoiweka kwa ajili ya mahari. Nikirudi kwenye chumba kimoja cha bei nafuu, mjomba wa Nansio anavunja uchumba. Kwa kila njia binti ananiponyoka. Njia pekee iliyobaki ni mama kutojua mpaka nipate mahali, na kutojua kwake kulikuwa mikononi mwangu.

Nilianza kutafuta. Kila nilipotoka kazini nilikwenda, viatu vikaisha upande. Buzuruga, karibu na stendi ya mabasi, mzee mmoja alinionyesha chumba na sebule ambavyo sebule yake ilikuwa ukumbi wa watu wote kupita kwenda chooni. Alitaka mwaka. Kirumba walitaka mwaka na mdhamini. Nikaanza kupanda Mabatini, maana Mwanza kodi hushuka kadiri unavyopanda mawe. Chini walitaka mwaka, katikati walitaka miezi tisa, na juu kabisa, pumzi imenikata, nikapata nyumba ambayo ukuta wake wa nne ulikuwa jiwe lenyewe la mlima. Huko walitaka miezi sita. Nikamuuliza mwenye nyumba kuhusu maji.

"Maji yapo," alisema. "Huko chini."

Hata hiyo sikuiweza. Niliteremka nikijiambia nina wiki moja bado, na usiku ule sikula.

Nyumbani nilikuwa nimegeuka mwizi. Niliamka kabla ya wengine nikaoga kabla mama hajatoka. Nilihamisha nguo zangu kwenye kamba, nikazianika juu ya viti sebuleni, mpaka sebule ikanuka ukungu. Shikamoo nilimpa nikiwa nusu mlangoni, macho chini, na akiingia uani mimi nilitoka. Nilidhani namheshimu. Yeye aliona kijana aliyeanza kumkimbia.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliniuliza siku moja, amesimama mbele ya mlango wangu ili nisipite.

"Hakuna, mama. Kazi tu."

"Au yule mwenye viatu vyeupe amekutisha? Nimesema sipandishi. Kodi yako ni ile ile. Umenisikia?"

Nilimjibu nimesikia. Nilitamani ardhi ya Mirongo inimeze, na ungekuwa wakati mzuri wa kumwambia, na sikumwambia.

Alhamisi ya wiki ya pili baharia mmoja aliniachia barua dirishani. Ilikuwa ya mama, kutoka Nansio, bahasha nene. Nilijua. Nilikaa nayo mfukoni kutwa nzima, ikinichoma paja. Niliwaza kuiacha idondoke majini, kwa bahati mbaya, wakati nakagua ngazi ya meli. Sikuthubutu. Jioni nilimpa, na akafanya alivyofanya siku zote: akavuta kigoda, akaweka ungo magotini, akasema, "Haya, soma."

Zilikuwa karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa salamu, mvua, muhogo ulioliwa na nguruwe pori, na mtoto fulani aliyepata kipaimara. Nilisoma vizuri. Kisha nikafunua ya pili, na nikaisoma kwa macho kabla ya mdomo. Dada yake aliandika hivi: mdogo wangu, mwanao anayeshona huko Kirumba ameposwa. Mposaji ni Mjita, karani wa tiketi hapo gatini Mwanza, wanasema ni mtu mtulivu. Mimi nimechoka na ugomvi wetu. Nilichokitenda kuhusu shamba la baba hakikuwa haki, na nakuomba unisamehe. Njoo ukae pembeni yangu siku ya mahari, maana siwezi kumtoa mtoto bila wewe.

Mbu walikuwa wameanza. Mama alikuwa amesimamisha mikono juu ya dagaa, anasubiri.

Nilikunja karatasi.

"Basi?" akauliza.

"Basi, mama. Anasema wote wanakusalimu."

"Karatasi mbili?"

"Salamu ni nyingi. Ametaja majina ya watu wote."

"Miaka sita hajaniandikia dada yangu," alisema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imepungua mpaka sikuijua. "Leo ananiandikia habari za nguruwe?"

Alinyosha mkono, akaichukua barua, akaiweka ndani ya kanga kifuani, akaondoka na ungo wake. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimeficha posa yangu ili nisipoteze chumba, hilo nililijua tangu mwanzo na nilikuwa nimejitafutia sababu. Lakini lile ombi la msamaha halikuwa langu. Lilikuwa limekaa karatasi moja na habari yangu, nami nililimeza vilevile, kwa sababu ya sebule ya viti vinne. Sijawahi kujichukia kama jioni ile, na sikuinuka kwenda kugonga mlango wake.

Jumatatu iliyofuata mambo yalibadilika. Nilitoka asubuhi, nikamkuta uani anafagia. Nikafungua mdomo kumwamkia. Mama aliweka ufagio chini, akavuta kanga akajitanda mpaka kwenye paji la uso, akageuka akatazama ukuta, akasimama hivyo mpaka nilipopita. Jioni ikawa hivyo tena. Hakunitukana wala hakubamiza mlango. Nikiingia uani, yeye alijitanda na kuingia ndani bila haraka. Bafuni hakuna aliyenipigia bati, nikaoga muda wote niliotaka katika ukimya ule, na maji yaliniwasha mwilini.

Alikuwa amejua. Amejuaje sikujua, lakini yule hakuwa mwenye nyumba aliyekasirika. Nimekulia Majita, namtambua mama mkwe nikimwona. Baada ya hapo nilisubiri kufukuzwa. Nilijua jinsi wenye nyumba walivyokuwa wanafanya miaka ile: mpangaji asiyetakiwa aliezuliwa bati mvua ikinyesha, au aling'olewa mlango akiwa kazini. Kazini niliwapa abiria tiketi za siku siyo. Wiki mbili za baba mdogo zilikuwa zimekwisha, na naye alinitumia ujumbe kwamba anakuja Jumapili na kanga mkononi, nipende nisipende.

Jumamosi nilikuwa sebuleni nakunywa chai ya rangi. Mshindo ukapiga ukuta wa nyuma. Kikombe kikaruka mezani. Ukapiga tena, plasta ikaanguka juu ya kiti, na ncha ya tindo ikachungulia ndani mahali nilipokuwa nimetundika kalenda. Nikasema moyoni, haya, imefika. Ananibomolea.

Nilitoka mbio nikaizunguka nyumba mpaka uchochoro wa nyuma, nikiwa na maneno yote ya kuomba mdomoni. Nilimkuta fundi mwashi mmoja, mzee, amevua shati, na pembeni yake fremu ya mlango mpya kabisa imeegeshwa ukutani pamoja na mfuko wa saruji.

"Fundi, simama! Mimi naishi humo!"

"Najua," alisema. "Kaa mbali na vumbi."

"Nani amekutuma?"

"Mama mwenye nyumba. Amesema nitoboe mlango huku uchochoroni, halafu ule wa kutokea uani niuzibe kwa tofali. Na kile choo cha zamani hapo nikisafishe, nikizungushie bati, kiwe na bafu." Akapangusa jasho. "Amesema humu anakaa mkwe wake."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Nadhani nililia, lakini vumbi lilikuwa jingi na fundi hakuwa mtu wa kuuliza.

Mchana, tundu likiwa limeshafikia kimo cha mtu, mchumba wangu alitokea uchochoroni. Hakuwa amewahi kufika kwangu hata siku moja. Alisimama upande wa nje wa tundu, mimi upande wa ndani, na uso wake haukuwa wa binti aliyekuja kuona sebule yake.

"Ulimsomea mama mdogo nusu ya barua?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Jumapili aliipeleka kwa katekista, akasomewa yote. Akanitafuta Kirumba baraza kwa baraza mpaka akanipata. Alinishika uso huu hivi, akalia. Miaka yote hii sijamwona, sikumtambua, nikadhani ni mgonjwa." Akafuta vumbi kwenye kope. "Ameniambia nikueleze. Anasema alijua siku ile ile kwamba umeruka maneno, kwa sababu ulipofika karatasi ya pili ulianza kupumua kama mtu anayepanda mlima. Anasema hukuogopa yeye, uliogopa kodi."

"Ni kweli."

"Kodi ni ile ile. Utanipa mimi, nitampelekea. Yeye anapanda meli Jumatano kwenda kwa mama." Akatazama lile tundu, tofali zilizovunjika, fundi aliyekuwa anajifanya hasikii. "Na amesema ungemwambia tangu mwanzo. Mlango ni kazi ya siku moja."

Kesho yake baba mdogo alimpelekea mama kanga na habari. Mchumba wangu alinikasirikia kwa wiki tatu. Halafu mahari ikapokelewa Nansio, na niliambiwa kwamba wale dada wawili walikaa mkeka mmoja, wameshikana mikono kama wasichana, na kwamba hakuna aliyesikiliza hotuba ya mjomba. Tulifunga ndoa mwaka ule ule. Wakwe walikuja, wakakaa kwenye viti vinne, wa tano akasimama.

Tuliishi pale miaka minne. Mwanza nzima kodi ilipanda, yetu haikupanda. Watu waliniambia nina bahati, chumba na sebule Mirongo kwa bei ile, na mlango wangu mwenyewe, choo changu, bafu langu, kama bwana mkubwa. Niliwaitikia. Mke wangu alipeleka kodi, akakaa huko uani saa nzima akichambua dagaa, akarudi na mboga na habari. Barua za mama sasa alisoma yeye, kurasa zote. Mimi nilipokutana na mama barabarani nilimpisha, nikainamisha uso, naye alijitanda akapita, kwa heshima ambayo hakuna mtu angeweza kuitia kasoro. Miaka minne hakunitamkia neno. Sikuwa mwanangu tena, nilikuwa mkwe, na huo ni ukubwa ambao sikuuomba.

Mwaka wa pili kijana mmoja wa kiwandani alipanga chumba cha jirani, kile cha mlango wa uani. Jumapili moja asubuhi nilikuwa sebuleni, nimeegemea mahali ambapo mlango wangu wa zamani ulizibwa. Plasta pale haikuwahi kulingana na nyingine. Nilisikia ndoo, nikasikia maji yakimwagika bafuni muda mrefu, halafu kiganja kikapiga bati.

"Wewe mwanangu! Humo unaoga au unabatizwa?"

Uani wote walicheka. Mke wangu naye akacheka, akanigeukia anione kama nimesikia. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshageukia ukuta, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema namaliza, mama.